Tairi Lililoisha Ndilo Linaloniambia Ninunue Lipi

Matairi ya pikipiki yakifika mwisho, siendi dukani kwanza. Naiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, nachuchumaa nyuma yake, nalizungusha tairi polepole kwa mkono huku nikilipapasa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tairi lililotembea hadi likaisha linanijua kuliko muuzaji yeyote. Linajua napita barabara za namna gani, nabeba mzigo kiasi gani, nafunga breki vipi, na kama upepo ulikuwa sawa au la. Nimebadilisha matairi mara za kutosha kuamini kwamba anayeiruka hatua hii ananunua kwa kubahatisha, hata akichukua la bei ya juu kuliko yote.

La nyuma kwangu huisha katikati. Ukilitazama ukiwa umekaa chini, lile umbo lake la duara limekuwa bapa, upana wa vidole vitatu hivi, na kandokando bado kuna kashata ya kutosha, yaani ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara. Kwenye ukingo kabisa vile vinyweleo vya kiwandani vingali vimesimama. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya safari zangu ni barabara iliyonyooka, pikipiki ikiwa wima, na mara nyingi nina mtu nyuma. Kona zipo, ila si za kuilaza pikipiki mpaka mwisho wa tairi.

Ubapa huo una madhara ambayo mwili huyahisi mapema. Unaingia kwenye mzunguko, pikipiki inagoma kulala, unausukuma usukani kidogo zaidi, halafu ghafla inadondokea upande. Kinachotokea ni kwamba tairi limetoka kwenye sehemu bapa, limevuka ile pembe iliyojichonga, limefika kwenye sehemu ambayo bado ni duara. Mtu anaweza kudhani fremu imepinda au beringi za usukani zimekufa. Beringi zikaguliwe, hilo sikatai, lakini tazama tairi kwanza.

Ndiyo sababu siziamini sana sifa za siku ya kwanza. Kila aliyefunga tairi jipya husema pikipiki imekuwa nyepesi, inaingia kona yenyewe, na anaisifu kampuni iliyolitengeneza. Sehemu kubwa ya wepesi huo ni umbo la duara lililorudi. Tairi lolote zima la saizi sahihi lingempa karibu hisia hiyohiyo. Ukitaka kujua tairi ni zuri, liulize baada ya miezi, barabara ikiwa imelowa, ukiwa umeshalizoea na umeacha kulishangaa.

La mbele husoma tofauti. Lenyewe huchoka zaidi mabegani, yaani zile sehemu za kando zinazogusa barabara pikipiki ikilala, kuliko katikati, kwa sababu ndilo linalobeba breki na kuongoza kona. Nikilipapasa kuelekea upande mmoja mkono unapita laini, nikigeuza nakwaruzwa kama nimeshika msumeno. Mabonde hayo hutokea kidogo kidogo hata kwa pikipiki nzima, lakini yakiwa makubwa huwa yana chanzo: upepo ulikuwa mdogo, au shokapu za mbele zimelegea na gurudumu linadunda badala ya kutulia. Kufunga tairi jipya juu ya shokapu zilizochoka ni kulipeleka likaliwe vilevile. Nikikuta mabonde makubwa, fundi anaanza na shokapu, tairi linafuata.

Kuhusu lini libadilishwe, ndani ya mifereji kuna vimbe vidogo vya mpira, na ubavuni kuna herufi TWI zinazoonyesha vilipo. Kashata ikishuka hadi usawa wa vimbe hivyo, kwa kawaida imebaki takriban milimita 0.8, na tairi limekwisha. Sheria hazilingani: Uingereza inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki nyingi, Ujerumani milimita 1.6. Mimi sisubiri kimoja wala kingine. Kashata kazi yake kubwa ni kutoa maji, na tairi linaweza kuonekana lina uhai kwenye lami kavu huku kwenye dimbwi likielea. Mvua zikikaribia na imebaki milimita 2, najiandaa kubadilisha.

Nikishalisoma tairi, ndipo nasoma maandishi ya ubavuni. Hapa watu wengi huishia kwenye saizi tu, na mimi nasisitiza wasiishie hapo. Chukua tairi lililoandikwa 100/90-17 55P. Upana ni milimita 100. Kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 90. Ringi ni ya inchi 17. Zile 55P za mwisho ndizo zinazosahaulika: 55 ni alama ya uzito, na maana yake tairi hilo linaweza kubeba kilo 218 likiwa na upepo unaostahili, P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Zipo S kwa 180, H kwa 210, V kwa 240, W kwa 270. Pikipiki kubwa utaona kitu kama 120/70 ZR17 58W, na 58 hapo ni kilo 236.

Kwa pikipiki ndogo jambo hili ni nyeti zaidi, maana saizi zake nyingi bado huandikwa kwa inchi, mfano 2.75-17, na mnunuzi akiona 2.75-17 anajiona amemaliza. Nimewahi kuyaweka mawili sakafuni, saizi ileile, muundo wa kashata unakaribiana, moja 41P na jingine 47P. La kwanza ni la kilo 145, la pili kilo 175. Tofauti ni kilo 30 juu ya gurudumu moja. Anayetembea peke yake hataiona. Anayebeba abiria na furushi kila siku anaihitaji, kwa sababu tairi lililozidiwa hujikunja sana ubavuni, hupata joto, na joto ndilo linaloua tairi kutoka ndani wakati nje bado linapendeza. Nisichoshuka kamwe ni alama ya uzito na ya mwendo iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kupanda ni sawa, kushuka hapana.

Ile alama katikati ya saizi nayo ina kazi. Ikiwa ni mstari mfupi, nyuzi za ndani zimepishana mshazari. Ikiwa ni R, ni radiali, nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. La mshazari lina ubavu mgumu na huvumilia mzigo na mashimo kwenye pikipiki ndogo na za kati. Radiali halipati joto haraka na hutulia zaidi kwenye mwendo mkubwa. Kwangu swali la lipi bora halina maana. Swali ni pikipiki imetengenezwa kwa lipi, na mbele na nyuma visichanganywe ovyo kama mtengenezaji hakuruhusu.

Suala la upana limenigombanisha na rafiki yangu mmoja, tukapatana baadaye barabarani. Pikipiki yake ilikuja na 100/90-17 nyuma, akaweka 120/80-17 kwa sababu inajaza macho. Kweli inajaza. Lakini ringi yake ilikuwa ya inchi 2.15, na tairi la upana wa 120 kwa kawaida hutaka ringi ya karibu inchi 2.75. Matokeo yake kingo zilibanwa ndani, mgongo ukachongoka, na badala ya kupata mpira mwingi zaidi ardhini alipata ulio katikati tu. Tulibadilishana pikipiki siku moja, yeye akachukua yangu nami yake. Yake ilikuwa nzito kuingia kona na yenye wasiwasi kwenye mistari ya lami. Tulipoinama kutazama, nafasi kati ya ubavu wa tairi na cheni ilikuwa haipitishi hata kidole. Cheni ikirukaruka kidogo, inalikwangua tairi.

Na kuna hesabu ambayo haionekani kwa macho. Kimo cha ubavu cha 120/80 ni milimita 96, si 90 tena, kwa hiyo gurudumu zima limeongezeka kipenyo kwa milimita 12, karibu asilimia 2. Nyuma inapanda, pembe ya uma wa mbele inabadilika, na kama spidi inasomwa kutoka gurudumu hilo, inasoma pungufu. Ni kidogo, lakini yote hayo ameyanunua kwa ajili ya sura. Alirudi kwenye 100/90 tairi lile lilipokwisha, na alilisema mwenyewe bila mimi kumuuliza.

Sasa mpira wenyewe, na hapa ndipo ule ubapa wa katikati unapotoa hukumu. Kuna matairi ya mpira laini, yametengenezwa kwa ajili ya kona na mwendo, na yanataka yapate moto kwanza ndipo yashike. Kuna ya safari ndefu, mpira mgumu kiasi, yanashika tangu yakiwa baridi na yanadumu. Katikati ya hayo kuna yenye mpira wa aina mbili: mgumu mgongoni, laini mabegani. Nimetumia laini na nimetumia ya safari kwenye pikipiki ileile, njia zilezile. Lile laini lilikuwa raha kwenye barabara ya milimani, lakini safari zangu za kila siku ni fupi, za kusimama na kuondoka, na asubuhi ya baridi nilikuwa nafika ninakokwenda kabla halijapata moto. Kwa hiyo nilikuwa natumia mpira uliokuwa bora kwa hali ambayo sikuifikia. La safari, lenye silika nyingi (unga wa madini unaochanganywa na mpira), lilinipa kitu ninachokihitaji kweli: kushika kwenye lami iliyolowa na baridi, tangu mita za kwanza. Silika ndiyo iliyobadilisha matairi ya mvua, na kama njia zako zina mvua, uliza kama tairi linayo kabla hujauliza jingine lolote.

Anayeishi kwenye kona atasoma kinyume. Tairi lake litaisha mabegani, katikati kukiwa bado na kashata. Huyo achukue laini, na akubali kwamba atanunua mapema.

Yale ya meno makubwa ya vumbi kwenye pikipiki ya lami sina mengi ya kusema. Kama nusu ya njia yako ni udongo, yana haki yake. Kama ni kipande kifupi cha kuingilia nyumbani, unaibebea lami yote adhabu ya kipande hicho: kelele, mtetemo, na mpira mchache unaogusa barabara pale unapobana breki. Mifereji ya wastani inatosha.

Kabla ya kulipia, nalizungusha tairi nikitafuta kidirisha chenye tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT. 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Wakati mwingine tarehe hiyo ipo ubavu mmoja tu, na ubavu huo huweza kuangukia upande wa cheni au breki baada ya kufungwa, kwa hiyo isome likiwa mikononi. Tairi halihitaji kutembea ili lizeeke. Jua, joto, na hata hewa ya ozoni inayotoka kwenye mota za umeme hukausha mpira uliokaa stoo. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama lina kashata kamili. Mimi najikunja nitazame chini ya mifereji, pale ndipo nyufa nyembamba huanzia, na nabonyeza kwa ukucha. Mpira hai unarudi. Na la mitumba silifungi kwenye pikipiki. Pikipiki ina magurudumu mawili tu na sijui lile limepitia nini.

Kuhusu tyubu: TT ni la kutumia tyubu, TL ni lisilotumia. Ringi ya spoki kwa kawaida hupitisha upepo kwenye matundu ya spoki, kwa hiyo kufunga TL hapo hakukuondolei tyubu. Tairi jipya liende na tyubu mpya, ya saizi ileile. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ikikunjwa ndani ya tairi jipya hujipinda, na mkunjo huo husuguana mpaka unatoboka. Aliye na ringi ya TL ana bahati moja kubwa: msumari ukiingia na kubaki ndani, upepo hutoka polepole na anapata muda wa kusimama. Tyubu ikitoboka huweza kuisha ghafla.

Kwenye kufunga, nasimama pale pale. Si kwamba simwamini fundi, ila tairi la mbele lina jambo linalowababaisha hata mafundi wazoefu. Mshale wa mzunguko ubavuni mara nyingi huifanya mifereji ya mbele ionekane imegeuzwa ukiilinganisha na ya nyuma. Fundi mmoja alitaka kuligeuza langu kabisa, akiamini mifereji ndiyo inayoamua. Tulizungumza kwa heshima hadi akaufuata mshale. Tairi la nyuma linavutwa na injini, la mbele linavutwa na breki, na nguvu hizo zinalipinda tairi pande zinazopingana. Mshale umewekwa kwa kuzingatia hilo, pamoja na namna mpira ulivyounganishwa kiwandani.

Kisha nasikiliza. Kingo zinapakwa maji ya sabuni, upepo unaingia, na ukingo unapokaa kwenye ringi unasikika mlio mmoja mkavu, halafu wa pili kwa upande wa pili. Baada ya mlio ninainama nitazame ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na ringi. Umbali wake kutoka kwenye chuma uwe sawa mzunguko mzima. Ukizama mahali pamoja, ukingo haujakaa, na gurudumu litapepesuka. Upepo utolewe, sabuni irudiwe. Kama kuna nukta ya rangi ubavuni inayoonyesha upande mwepesi, inawekwa karibu na valvu, kisha gurudumu linapimwa mizani. Na kwa TL, valvu ibadilishwe siku hiyohiyo, ni kazi ndogo sana tairi likiwa nje.

Kilomita 150 za mwanzo naendesha taratibu. Uso wa tairi jipya huwa unateleza mpaka uchubuke, na mabega hayachubuki usipolala kidogo kidogo, kila kona zaidi ya iliyopita. Sipaki mafuta wala dawa ya kung'arisha, hata ubavuni, kwa sababu hutiririka.

Upepo napima tairi likiwa baridi, kwa geji yangu mwenyewe, na nafuata namba ya kitabu au ya kibandiko kilicho karibu na cheni. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu linachovumilia, haikuandikwa kwa ajili ya pikipiki yako. Kitabu kikisema bar 2.5, hiyo ni kama psi 36. Nikimbeba mtu naongeza nyuma kama kitabu kinavyoelekeza. Baada ya safari namba itakuwa imepanda kwa sababu ya joto, siipunguzi.

Kwa sasa la nyuma limeshaonyesha ubapa tena, la mbele lina nusu ya maisha yake. Yamekuwa hivyo siku zote, la nyuma hutangulia. Nimeamua safari hii kuchukua la nyuma lenye mpira wa aina mbili, 100/90-17, la jamii ileile na la mbele, ili yaendelee kuelewana. Alama ya uzito nimepanda hatua moja juu ya kitabu, kwa sababu abiria wangu amekuwa wa kila siku. Shokapu ya nyuma itakaguliwa kabla, na nimeshamwambia fundi aniwekee nafasi siku yenye mwanga wa kutosha, nipate kuuona ule mstari wa ukingoni vizuri.